Muhula huu watoto wafundishwe kusoma, mengine yasubiri

Mzazi wa Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, akipewa bulletin, ile karatasi ya pointi, jicho lake hukimbilia mstari wa Kifaransa. Pointi zikiwa nzuri hapo, mtoto anasifiwa mbele ya wageni. Zikiwa mbaya, nyumba nzima inanuna, hata kama mtoto anahesabu vizuri na hajakosa shule siku moja. Mstari wa lugha za nchi, pale Kiswahili kinapoandikiwa pointi zake, hauulizwi na mtu. Watu wanaona ni pointi za bure: mtoto aliyezaliwa kando ya ziwa hili atashindwaje Kiswahili?

Anashindwa, tena anashindwa sana. Kukisema anajua tangu alipoanza kutamka maneno, lakini kukisoma ni kazi nyingine, na watoto wetu wengi wanamaliza mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa tatu, bila kuiweza kazi hiyo. Benki ya Dunia inakadiria kwamba katika kila watoto 100 wa Kongo waliofikia umri wa miaka 10, watoto 97 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Kalemie haiko nje ya hesabu hiyo. Kwa hiyo wakati huu shule zinapojiandaa kwa muhula mpya, na wazazi wanahangaika na kaye za kuandikia, biki na sare, nina ombi moja kwa ajili ya watoto wa mwaka wa kwanza na wa pili. Wafundishwe kusoma kwa Kiswahili mpaka waweze kweli, na masomo mengine yapunguzwe ili hilo lipate saa zake. Kifaransa nacho kipunguzwe, na nitaeleza kwa nini Kifaransa chenyewe kitafaidika.

Yaliyopangwa na yanayofanyika

Programu ya taifa inamwekea mtoto mdogo mambo mengi. Kuna lugha, yaani lugha ya nchi na Kifaransa: kusikiliza, kusema, kusoma, kuandika. Kuna hisabati: nambari, kujumlisha na kutoa, vipimo, maumbo, mafumbo madogo ya hesabu. Kuna sayansi, ambapo mtoto anajifunza mwili wake, wanyama, mimea na maji. Kuna uraia na maadili, afya na mazingira. Kuna kuchora, kuimba na kazi za mikono, kisha mazoezi ya mwili, kazi za uzalishaji na dini. Kila somo lina mstari wake kwenye bulletin, na kila mstari unadai pointi.

Ukiyatazama moja moja, hakuna la kukataa. Katika mji ambao kipindupindu hurudi kama mgeni mwenye ufunguo wa nyumba, nani atapinga mtoto afundishwe kunawa mikono na kunywa maji safi? Katika jimbo lililoona Batwa na Baluba wakichomeana vijiji mwaka 2016 na 2017, nani atasema somo la uraia ni anasa?

Kinachokosekana ni saa. Siku ya mtoto wa miaka sita ni fupi, na pale shule inapogawa watoto kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana, inakuwa fupi zaidi. Siku hiyo inakatwa vipande vidogo vidogo ili kila somo lipate chake. Mwalimu mwenye watoto wengi kuliko madawati anafuta ubao, anaandika kichwa cha somo jingine, na watoto wananakili. Kunakili kunapita kama kuandika, na kukariri silabi kwa sauti moja kunapita kama kusoma. Inspekta akija, anakuta kaye zimejaa na fiche za mwalimu, zile karatasi za kuandalia masomo, ziko sawa. Lakini chukua mtoto mmoja, mpe sentensi ambayo hakuiona jana ubaoni, naye atakutazama usoni akisubiri umwanzishie.

Ndiyo hali ninayotaka muhula huu uiguse. Mtoto asiyejua kusoma hana namna ya kupata faida katika masomo yale mengine yote. Atanakili kanuni za usafi bila kuzielewa, atanakili fumbo la hesabu asijue linauliza nini, na ataendelea hivyo mpaka mwaka wa sita, kama hataacha shule njiani.

Sheria haikatazi, inaamuru

Kudai Kiswahili katika madarasa haya si uasi. Katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, na inaiagiza serikali izikuze bila ubaguzi. Sheria ya msingi ya elimu, nambari 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, inataka lugha za taifa au lugha za mahali zitumike kufundishia na pia zifundishwe kama somo. Kwa hiyo mwalimu wa mwaka wa kwanza anayeeleza somo kwa Kiswahili anatii sheria ya nchi. Anayemwadhibu mtoto kwa kujibu kwa Kiswahili ndiye anayekwenda kinyume nayo.

Tena hili si jambo jipya. Baada ya uhuru, programu ya 1962 ilikifanya Kifaransa lugha ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza. Mwaka 1974 wataalamu wa lugha walikutana Lubumbashi, na kutoka hapo lugha za taifa zikarudishwa katika miaka ya mwanzo ya shule. Sheria ya elimu ya 1986 ikalisema tena, na ile ya 2014 ikalirudia. Ni nusu karne sasa tunaandika ahadi ile ile kwa maneno tofauti kidogo.

Tusiwacheke waliochagua Kifaransa mwaka 1962. Walikuwa na sababu. Chini ya Wabelgiji, mtoto wa kijijini alifundishwa kwa lugha ya kwao katika shule iliyomwishia kwenye kusoma katekisimu na kulima bustani ya misheni, huku Kifaransa na masomo marefu vikihifadhiwa kwa wachache. Wazazi wa wakati ule walijifunza kwa uchungu kwamba shule ya lugha yetu ni shule ya kubakishwa chini. Wasiwasi huo wameurithisha watoto na wajukuu, na ndio unaosoma bulletin mpaka leo.

Lakini ufuko huu huu una ushuhuda mwingine. Kusini mwa Kalemie iko Mpala, kituo kilichoanzishwa mwaka 1883 na Shirika la Kimataifa la Afrika la mfalme Leopold, kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Kiswahili kilikuwa lugha kubwa ya kazi katika misheni zao za ziwani. Katika shule ya Mpala alisoma kijana wa Kitabwa aliyeitwa Stefano Kaoze. Kutoka hapo akaingia katika Kilatini na Kifaransa, na yapata mwaka 1910 akaanza kuchapisha kwa Kifaransa makala juu ya saikolojia ya Wabantu, yanayohesabiwa leo miongoni mwa maandishi ya kwanza ya Mkongo katika lugha hiyo. Mwaka 1917 akapewa upadre kule Baudouinville, Moba ya leo, akiwa padre wa kwanza Mkongo wa enzi hizi. Shule ya wakoloni ilikuwa na dhambi nyingi, na moja ilikuwa kuwafikisha mbali wachache sana. Hata hivyo, lugha ya ufukoni haikumzuia Kaoze kufika mbali.

Kinachozuia

Kama sheria ipo na historia ipo, kwa nini darasani mambo ni mengine?

Kwanza, watoto ni wengi. Katiba ile ile ya 2006 ilitaka shule ya msingi katika taasisi za serikali iwe ya lazima na ya bure, lakini ilichukua mpaka Septemba 2019 kwa amri hiyo kuanza kutekelezwa kweli. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1990, wazazi ndio waliokuwa wakimlipa mwalimu kwa ile prime, na mtoto ambaye nyumba yao ilikosa alirudishwa kutoka mlangoni. Kuondolewa kwa malipo hayo ni jambo la haki, na atakayetaka kuyarudisha atanikuta upande wa pili. Lakini watoto walipoingia, kuta hazikupanuka, na walimu wengi wapya walikaa muda mrefu wakifundisha bila kuingizwa kwenye orodha ya mshahara. Kumfundisha mtoto kusoma kunahitaji umsikilize akisoma, yeye peke yake, hata kwa dakika mbili. Katika darasa lililofurika, dakika hizo mbili ndizo za kwanza kupotea.

Pili, mtihani. Mwisho wa mwaka wa sita kuna mtihani wa taifa, ile TENAFEP ya zamani ambayo sasa inaitwa ENAFEP, na mtihani huo unamsubiri mtoto kwa Kifaransa. Direkta anajulikana mjini kwa asilimia ya waliofaulu. Hofu ya mwaka wa sita inashuka ngazi mpaka mwaka wa kwanza, na mwalimu wa watoto wadogo anaambiwa awazoeshe Kifaransa mapema, kana kwamba miaka minne ya katikati haipo.

Tatu, mwalimu mwenyewe. Amesoma ualimu kwa Kifaransa, anaandika fiche kwa Kifaransa hata kama somo ni la Kiswahili, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumwonyesha hatua za kufundisha kusoma kwa lugha anayoizungumza nyumbani. Vitabu navyo vimekuja kwa misimu ya wafadhili. Mradi wa ACCELERE, ulioanza mwaka 2015 kwa pesa za Marekani na Uingereza, uliandaa vitabu vya kusomea kwa Kiswahili, Lingala na Tshiluba kwa ajili ya baadhi ya majimbo. Mradi ukaisha, na mwaka 2025 shirika la misaada la Marekani lililokuwa nyuma yake likafungwa. Nchi inayongoja herufi za watoto wake zitoke kwenye bajeti ya nchi nyingine itangoja sana.

Nne ni sisi wazazi. Shule binafsi inayotangaza Kifaransa tangu chekechea inapata wanafunzi kwa tangazo hilo tu. Direkta wa shule ya serikali au ya kanisa anayeamua kufuata sheria anaogopa kuonekana ameshusha hadhi ya shule yake. Tunalaumu wizara kwa mambo mengi, na nyingi ya lawama hizo ni za haki, lakini hili tumejifanyia wenyewe.

Kifaransa na mkate

Najua jibu la mzazi. Atasema: ofisi ni kwa Kifaransa, mahakama ni kwa Kifaransa, chuo kikuu ni kwa Kifaransa. Mtoto wangu akibaki na Kiswahili atauza ndagala kama mimi. Hoja hiyo ina uzito, na anayeidharau kwa kawaida ni mtu ambaye tayari anajua Kifaransa.

Ila hoja hiyo inahusu mahali mtoto anapotakiwa kufika, nami nabishana juu ya njia ya kumfikisha huko. Tutazame ng'ambo ya ziwa. Mwaka 2014 nchi 10 za Afrika zinazotumia Kifaransa ziliwapima watoto wao kwa mtihani mmoja unaoitwa PASEC. Kwa watoto wa mwaka wa pili, Burundi ilishika nafasi ya kwanza, katika kusoma na katika hesabu, ikaziacha mbali nchi tajiri kuliko yenyewe. Karibu watoto wote wa nchi nyingine walipimwa kwa Kifaransa, wale wa Burundi kwa Kirundi, lugha wanayoijua na wanayofundishiwa. Mtu anaweza kusema basi walipewa mtihani mwepesi. Tutazame basi wale wa mwaka wa sita, waliopimwa kwa Kifaransa kama karibu wenzao wote. Katika hisabati Burundi ilikuwa ya kwanza tena, na katika kusoma Kifaransa ilikuwa juu ya wastani. Miaka ya Kirundi haikuwanyima Kifaransa.

Sababu yake haina uchawi. Kusoma ni kugundua kwamba alama iliyoandikwa inashika sauti, na sauti zikiungana zinatoa neno unalolijua. Mtoto anaigundua siri hiyo mara moja tu maishani, kisha anaitumia katika lugha yoyote. Kiswahili kinamrahisishia ugunduzi huo: vokali ni tano, kila moja ina sauti yake, na silabi zinatamkwa kama zilivyoandikwa. Mtoto akishajua ma na ji, amepata maji, na maji anayajua. Akianzia kwa Kifaransa, anakutana na herufi zinazonyamaza, herufi tatu zinazotoa sauti moja, na mwishoni anapata neno ambalo hata akilitamka vizuri halimwambii kitu. Ana kazi mbili ngumu kwa wakati mmoja, na wengi wanashindwa zote mbili.

Tanzania inatupa fundisho la pili, la saa. Mwaka 2015 ilibadilisha mtaala wa darasa la kwanza na la pili, ikayaweka pembeni masomo mengi na kubakiza hasa zile KKK tatu: kusoma, kuandika na kuhesabu. Muda wa KKK ukapanda kutoka takriban asilimia 40 ya saa za shule hadi asilimia 80, na Kiingereza kikasogezwa mpaka darasa la tatu. Watafiti waliofuatilia matokeo waliona watoto wamepanda katika Kiswahili na hesabu. Hakuna mwalimu aliyeongezewa kipaji siku hiyo, waliongezewa muda.

Tanzania hiyo hiyo inatupa pia onyo. Mtoto wake anamaliza shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu sekondari inamwangukia kwa Kiingereza, na wengi wanazama hapo. Nasi tukifundisha Kiswahili miaka miwili kisha tukamwamsha mtoto mwaka wa tatu kwa Kifaransa kitupu, tutakuwa tumehamisha tatizo tu. Kwa hiyo Kifaransa kisifutwe katika mwaka wa kwanza. Kiwe cha mdomo: nyimbo, salamu, majina ya vitu, maagizo ya darasani, kila siku kidogo, kwa furaha. Masikio yajiandae wakati macho yanajifunza herufi kwa lugha nyingine.

Kiswahili cha nani?

Kuna pingamizi lililo gumu zaidi. Mtoto wa Kalemie anasema, "Niko naenda ku masomo," na kitabu kinamwandikia, "Ninaenda shuleni." Anasema batoto, kitabu kinasema watoto. Mwalimu mwingine akiona hivyo anaamua kwamba mtoto hajui Kiswahili, na anaanza kumsahihisha kabla hajamfundisha herufi hata moja. Matokeo yake mtoto anajifunza kwamba mdomo wake ni mbaya, naye ananyamaza.

Umbali kati ya Kiswahili chetu na kile cha vitabu upo, lakini ni mfupi, na unavukwa kwa kusoma. Wiki za kwanza mwalimu aandike ubaoni sentensi za watoto wenyewe, kama walivyozisema, wazisome. Baadaye aweke pembeni sentensi ya kitabu, waone kwamba zinasema kitu kimoja. Mtoto atashika zote mbili, kama anavyoshika lugha ya nyumbani kwa bibi yake na ile ya uwanjani.

Tena si kila mtoto wa jimbo hili anaota kwa Kiswahili. Kuna wa Kiluba upande wa Kabalo na Manono, wa Kihemba kule Kongolo, wa Kitabwa kule Moba. Kuna watoto wa Batwa, hasa upande wa Nyunzu, ambao wengi wao wanaingia shule wakiwa wamechelewa, wakikaa nyuma, wakichekwa kwa matamshi yao. Sheria imewafikiria iliposema "lugha za mahali". Kijijini, mwalimu aeleze kwa lugha ya kijiji na asomeshe kwa Kiswahili taratibu. Mjini, hali inakiunga mkono Kiswahili zaidi. Tangu vita viliposhuka Kivu ya Kusini na Bukavu ikaanguka mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, maboti yamekuwa yakishusha kwetu familia zilizokimbia. Watoto wao wanasema Kifuliiru, Kibembe au Mashi wakiwa na mama zao, na Kiswahili wakiwa na wetu. Dawati moja likiwa na mtoto wa Uvira, mtoto aliyekulia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Katanika na mtoto wa katikati ya mji, lugha ambayo wote watatu wanaweza kuanza nayo siku ya kwanza inajulikana.

Muhula wenyewe uweje

Nikiombwa kupanga, ningepanga hivi. Kila siku saa moja nzima ya kusoma na kuandika, isiyokatwa, asubuhi au mwanzo wa zamu, kabla watoto hawajachoka na joto halijapanda. Wiki za kwanza ni vokali tano na konsonanti chache zinazotoa maneno mengi: mama, lala, taa, kata, maji. Mtoto asipite silabi ambayo hajaiweza ati kwa sababu fiche imepita. Katikati ya muhula zije sauti ngumu, ambazo ndizo zinazowaangusha wengi hata katika Kiswahili: ng'ombe, nyumba, mbwa, ndugu, shamba. Wiki za mwisho ziwe za maandishi mafupi, imla, na sentensi ambazo mtoto anazitunga mwenyewe.

Darasa likiwa kubwa, ligawanywe. Wakati mwalimu anasikiliza watoto wanane mbele, wengine wasome wawili wawili, anayejua na asiyejua. Hakuna pesa inayohitajika hapo. Kinachohitajika ni ruhusa ya direkta kwamba kelele hiyo ya kusoma si fujo.

Masomo mengine hayafi, yanageuka kuwa maandishi ya kusomwa. Somo la afya liwe ukurasa mmoja wenye sentensi sita juu ya maji na kipindupindu. Somo la mazingira liwe habari ya ziwa lililopanda mwaka 2024 likaingia kwenye nyumba za watu wa ufukoni. Watoto waliliona kwa macho yao, wataisoma habari hiyo kwa hamu. Somo la uraia liwe kisa cha watoto wawili wa makabila mawili wanaochota maji kisima kimoja. Mwalimu anajaza mistari mitatu ya bulletin kwa saa ile ile, na mtoto amesoma kitu chenye maana.

Katika hesabu, tutumie kile ambacho soko limekwisha kufundisha. Mtoto wa Kalemie anayetumwa dukani anasikia bei kwa Kifaransa, cinq cents, mille, deux mille, hata kama mazungumzo yote yanayobaki ni ya Kiswahili. Anajua kama chenji imepungua. Shule inapoanza naye kwenye moja na mbili kama mtu asiyejua kitu, inatupa mtaji alioingia nao. Noti za faranga zilizochorwa kwenye makaratasi, sahani za ndagala na mafungu ya mihogo vinatosha kufundishia kujumlisha na kutoa, kwa Kiswahili, huku majina ya nambari ya Kifaransa yakitumika pale mtoto anapoyajua tayari. Hapo Kifaransa kimeingia bila kumtisha mtu.

Tudai nini, na kwa nani

Wizara ya elimu inajua haya. Inachotakiwa kufanya ni kulinganisha mtihani na sheria yake. Angalau sehemu moja ya kipimo cha mtoto wa shule ya msingi ipime kusoma kwa lugha ya taifa, ili direkta anayefundisha Kiswahili vizuri asionekane anapoteza muda. PROVED, yaani mkuu wa elimu katika jimbo, na wainspekta wana uwezo wa kufanya jambo dogo zaidi, tena muhula huu: wakiingia darasa la pili, waache kaye, wachague watoto wachache, wawasikilize wakisoma. Makanisa nayo, ambayo kwa mapatano ya 1977 yanasimamia sehemu kubwa ya shule zetu, yasomeshe walimu wao jinsi ya kufundisha herufi. Yalikuwa yakifanya hivyo tangu enzi za Mpala, na Jumapili yanawasomea waumini Biblia kwa Kiswahili bila kuona aibu.

Sisi wazazi tuna kamati, COPA ya wazazi na COGES ya kusimamia shule, ambazo mara nyingi tunazikumbuka tunapotaka kulalamika juu ya pesa. Zipeleke shuleni dai moja, mwanzoni mwa muhula, kabla ya kazi kuanza. Mwisho wa muhula, kila shule iwaambie wazazi kwa mdomo wazi: katika watoto wote wa mwaka wa pili, wangapi wanaweza kusoma ukurasa wa Kiswahili ambao hawajawahi kuuona na kueleza ulichosema? Hatutaki majina, wala mtoto yeyote asiaibishwe. Tunataka idadi tu, na muhula unaofuata tuulize tena kama imepanda. Shule isiyoweza kuitaja idadi hiyo haijui inachofundisha, hata kama pointi zake za Kifaransa zinang'aa.